Barua Yenye Nakala Saba

Nilipomaliza chuo kikuu, vita vikiwa bado vinaendelea na wanajeshi wakiwa ndio wanaotawala, kazi pekee niliyoipata ilikuwa ya kuchapa barua za watu wengine. Chumba chetu kilikuwa mtaa wa Asiatique, Bujumbura, nyuma ya duka la vitenge, na ili kukifikia ulipita ubavu ubavu kati ya majora yaliyosimamishwa ukutani. Harufu ya nguo mpya ilituingia mpaka kwenye karatasi. Nimefanya kazi nyingine mbili tangu wakati ule, zote zenye meza kubwa zaidi, lakini nikinusa kitenge ambacho bado hakijafuliwa, moyo wangu unarudi kule nyuma ya duka.

Tulikuwa watu watatu. Mwenye duka alikuwa Mwislamu mtu mzima ambaye babu yake aliuza vitambaa mtaa huohuo. Yeye alikuja kwetu mara moja tu kwa siku, saa nne, akileta chai na mandazi ya mkewe. Karani mkuu alikuwa ametumika serikalini miaka mingi kabla ofisi yake haijafungwa. Alichapa kwa vidole viwili, akanishinda mimi wa vidole kumi. Wa tatu nilikuwa mimi, na diploma yangu ya sheria iliyokuwa nyumbani ndani ya bahasha.

"We msomi," karani mkuu aliniambia siku ya kwanza, "hapa hatutafuti ukweli. Tunatafuta mistari iliyonyooka."

Aliniona mapema jinsi nilivyo. Mimi ni mtu wa kuwaza mno. Nikipewa ombi la kazi kulichapa, nilimwaza atakayelisoma: kama ameamka vizuri, kama ana mtoto wa ndugu anayeitaka kazi hiyohiyo, kama neno "unyenyekevu" litamkera. Wateja walisubiri kwenye benchi huku nikiwaza. Karani mkuu alikuwa akigonga meza kwa rula na kuuliza, "Msomi, umeshafika mwisho wa dunia au bado?" Benchi zima lilicheka. Nami nilicheka, lakini niliendelea kuwaza.

Ilikuwa miaka ya ambargo. Nchi jirani zilikuwa zimetuwekea vikwazo ili kuilazimisha serikali ya kijeshi irudishe bunge na vyama, iache kufunga watu ovyo, na ikae meza moja na waasi. Redio za nje zilisema hayo kila jioni, na sisi tuliyasikiliza kama watu wanaosikiliza wazazi wakigombana chumba cha pili. Petroli iliuzwa kwenye chupa kando ya barabara. Sukari ilikuja kwa magendo. Magari yalikuwa machache kiasi kwamba asubuhi ungeweza kusikia kengele za baiskeli kutoka mtaa wa Jabe mpaka mjini, na mvua ikishanyesha hewa ilitakata, milima ya Kongo ikasogea karibu kama mtu amefuta kioo. Sijui kama ni dhambi kuikumbuka miaka ile kwa mapenzi. Watu walikuwa wakifa vilimani. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne, na watu niliowapenda karibu wote walikuwa bado hai.

Kwetu sisi wachapaji, ambargo ilikuwa na maana moja: unga wa wino wa mashine ya fotokopi uliisha na haukurudi tena. Mashine ikafunikwa kitambaa cha maua. Tukarudi kwenye karatasi za kaboni, nazo tulizitumia mpaka zikatoboka. Utepe wa taipureta ulipokauka tuliulowesha kwa wino wa mihuri uliochanganywa na mafuta mepesi kutoka gereji ya baba yangu mdogo.

Kuna jambo la kazi yetu ambalo lazima nilieleze. Nchini kwetu barua kwa mkubwa haiandikwi kwake peke yake. Chini ya saini inafuata orodha ya wanaopewa nakala kwa taarifa, mmoja baada ya mwingine, kwa namba, kutoka mdogo kwenda juu. Mjane anayegombea kiwanja anamwandikia mkuu wa mtaa, na nakala anaziandika kwa mkuu wa wilaya, meya, waziri, hata rais wa nchi. Wateja waliipenda orodha hiyo kuliko barua yenyewe. "Niongezee mukubwa mumoja," walisema. Nakala zenyewe hazikupelekwa. Nani angetembea kwenda kwa waziri kwa sababu ya kiwanja? Tulichapa barua moja ya kupeleka, na nyingine ya kaboni ya kugongewa muhuri wa kupokelewa, ambayo mteja alirudi nayo nyumbani. Basi. Orodha ilikuwa kama kukohoa mlangoni, ili aliye ndani ajue hujaja peke yako. Nilidhani kila mtu mjini analijua hilo, kuanzia mjane mpaka waziri.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, ndiye aliyenisomesha. Gereji yake ilikuwa Jabe, si mbali na soko, uwanja wa mchanga mweusi kwa mafuta, wenye magari ambayo hayakuwa na petroli ya kwenda popote. Nilipokuwa nasoma kwa ajili ya mtihani wa mwisho na umeme ukakatika, aliniwekea kiti cha gari chini ya kibanda na kuniunganishia taa kwenye betri. Yeye alikaa pembeni akisafisha plagi, ili nisijisikie peke yangu. Aliponiona nimekaza macho hewani alisema, "Punguza gia, mwanangu. Injini itaungua."

Walimchukua mchana wa Jumatano. Lori la wanajeshi lilisimama mbele ya gereji, wakauliza nani alitengeneza pikapu fulani nyeupe. Baba mdogo akasema ni yeye, kwa kuwa ni kweli alikuwa ameitengeneza, na hakuwahi kumwuliza mteja anakwenda wapi na gari lake. Wakasema pikapu hiyo imeonekana na waasi. Akapanda lori akiwa na spana mfukoni.

Kwa wiki tatu mama mdogo, mkewe, alipeleka chakula kwenye kambi walikomweka. Bugali, dagaa wa ndagala na mboga ya lengalenga, kwenye sahani iliyofungwa kitambaa. Sahani iliingia, sahani ikatoka tupu. Hakuruhusiwa kumwona, lakini sahani tupu ilimtosha. Kisha siku moja askari wa mlangoni akairudisha na chakula chake chote.

"Huyo hayuko hapa," alimwambia.

"Amekwenda wapi?"

"Mama, mi nalinda mulango tu."

Jioni ile redio ilitangaza kwamba mabalozi wa nchi za nje wanakuja Bujumbura, kutazama wafungwa wasio na mafaili na kuamua kama vikwazo vilegezwe au viendelee. Mama mdogo aliisikiliza habari hiyo akiwa amesimama, mkono kiunoni. Kesho yake alfajiri alikuwa kwenye benchi letu kabla ya wateja wote.

Barua ilikuwa kwa kamanda wa kambi. Aliniambia maneno kwa Kiswahili, mimi nikayaweka kwa Kifaransa: kwamba mumewe ni fundi, kwamba alichukuliwa siku fulani mbele ya watu, kwamba chakula chake kimerudi, na anaomba kwa heshima aambiwe alipo. Tulipofika kwenye orodha ya nakala nilimwekea wa kawaida, sita kwa jumla. Akainama mezani.

"Weka na hao wazungu."

"Mama mdogo, hiyo si kitu cha kuchezea."

"We uliweka rais kwa kiwanja cha yule mama wa jana. Mi natafuta bwana yangu."

Nikaanza kuwaza. Nikiwaandika, kamanda atakasirika na kumuumiza baba mdogo. Nisipowaandika, ataitupa barua. Nikiwaandika mwisho wa orodha, huenda asifike huko chini. Lakini watu wa ofisi husoma kutoka chini. Nilikaa vidole vikiwa juu ya mashine. Karani mkuu hakugonga rula siku ile. Aliinuka akaja kusimama nyuma yangu, akasoma.

"Andika," alisema taratibu. "Namba saba. Si ni orodha tu?"

Nikaandika namba saba: ujumbe wa mabalozi wa nje wanaokuja mjini. Mama mdogo akaweka saini, akapeleka, akarudi na nakala yake yenye muhuri wa kambi, akaificha ndani ya msahafu.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, askari alipita kati ya majora ya vitenge na karatasi ya wito. Chini ya kila barua tuliyochapa palikuwa na jina la chumba chetu, kwa hiyo hawakuhangaika kunitafuta. Mwenye duka, ambaye kwa kawaida hakuja kabla ya saa nne, alitokea, akanivalisha koti lake mwenyewe kana kwamba nje kuna baridi, na kusema, "Jibu kile utakachoulizwa tu, mwanangu. Usimsaidie kufikiri."

Kamanda alikuwa mwanamume mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala. Nilitegemea Kifaransa. Alisema Kiswahili cha mjini, kama mtu aliyekulia mitaa yetu.

"We ndiye umechapa hii?"

"Ndiyo, komanda."

"Unaandika vizuri. Kaa." Aliweka kidole chini ya karatasi. "Namba saba. Imeshafika kwao?"

Hapo ndipo nilipotambua kosa letu. Ofisini waliamini. Mjane, karani, benchi zima la wateja walijua nakala ni maneno, lakini mtu aliyekaa upande wa pili wa meza, mwenye bunduki na muhuri, aliamini kwamba kila namba ina bahasha yake na bahasha iko njiani. Nikisema zimefika, sina cha kuonyesha, na labda baba mdogo atatoweka kabisa ili asionekane. Nikisema hazipo, ataichana barua mbele yangu.

"Zimetayarishwa," nilisema. "Zinapelekwa leo mchana."

Alishusha pumzi. Nadhani ilikuwa pumzi ya nafuu.

"Sikia, kijana. Hao watu wanakuja hapa kambini kesho. Wakipata jina moja, moja tu, lenye tarehe na saini ya mke, wataandika kwamba hatujabadilika. Ambargo itaendelea. We unataka mama yako anywe chai bila sukari mpaka lini?"

Sikumsaidia kufikiri.

"Saa nane uniletee hizo nakala zote saba," alisema. "Na ile yenye muhuri wetu. Mi nitakupa huyo fundi wako. Halafu barua hii hujawahi kuiandika."

Nilitoka pale nikikimbia, koti la mwenye duka likinipepea mgongoni. Nilipoeleza, karani mkuu alianza kucheka, machozi yakamtoka. "Miaka ishirini na mbili serikalini," alisema. "Miaka ishirini na mbili nimeandika orodha hizo, na leo ndiyo mara ya kwanza mutu anazitaka."

Mwenye duka akafunga mlango wa mbele. Wateja wa benchi walikataa kuondoka. Nilichukua baiskeli ya mmoja wao mpaka Jabe kumwomba mama mdogo nakala yenye muhuri, ili tuige kila neno. Ilibidi itumike mashine ileile, kwa sababu herufi "a" yake ilikuwa ikiruka juu ya mstari. Kaboni zetu zilikuwa mbovu. Tukipanga karatasi nne pamoja, ya nne ilisomeka kwa shida. Tukaamua mikupuo miwili ya karatasi nne nne. Mimi ndiye niliyechapa. Kila nilipokosea, karatasi nne ziliharibika. Mwanamke aliyekuja kuandikiwa barua ya mwanawe aliyekuwa Tanzania alikuwa akichagua kaboni zilizobaki dirishani, akizitazama kama anayechagua mchele. Mzee mmoja alikuwa akitusomea saa kila baada ya dakika chache, mpaka karani mkuu akamwambia, "Baba, tunakuomba, wakati tunaujua."

Mama mdogo alikuja kutia saini. Alitia zote, moja baada ya nyingine. Karatasi zilionekana mpya mno, kwa hiyo karani mkuu akazikunja, akaziweka juu ya kiti chake, akazikalia. "Sasa zimekaa siku tatu," alisema. Mwenye duka akatoa bahasha saba, tukaandika juu yake wakubwa wote wa nchi.

Ikabaki karatasi moja. Nne mara mbili ni nane. Ilikuwa ya chini kabisa ya mkupuo wa pili, wino wake kama moshi. Niliiingiza kwenye droo bila kuamua chochote. Mimi, ambaye huwaza kabla ya kuvaa viatu.

Saa nane kamanda alifungua bahasha moja moja. Alihesabu. Alichukua yenye muhuri, akaziweka zote kwenye droo yake na kuifunga kwa ufunguo.

"Hakuna nyingine?"

"Hakuna, komanda."

Saa kumi na nusu pikapu ya jeshi ilimshusha baba mdogo karibu na soko la Jabe. Alikuwa amekonda, shati si lake. Wauzaji wa nyanya waliacha meza zao wakamfuata mpaka nyumbani. Mama mdogo hakulia. Alimnawisha miguu uani mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, naye akamwacha amnawishe. Majirani Wakristo walileta ndizi, Waislamu walileta maziwa. Alhamdulillah zilisemwa kila upande. Natamani ningekuwa nimekaa katika saa ile tu, bila kuwaza lililofuata. Ndiyo saa ninayoirudia mara nyingi kuliko zote.

Watu walipopungua, baba mdogo aliniuliza nilifanyaje. Nikamweleza. Alicheka nilipofika kwenye kiti cha karani mkuu. Kisha akasema, "Na wenzangu?"

Mama mdogo aliviweka chini vikombe alivyokuwa akivikusanya.

"Tulikuwa watu tisa mule. Walituhamisha usiku kwenye ghala, wakasema wageni wakiondoka mtarudi. Mi nimetoka. Wale wengine nani amewaandikia?"

Nilimwambia kuhusu karatasi ya nane, ambayo jioni ile nilikuwa nimeitoa kwenye droo na kuitia mfukoni. Nilimwambia pia yote niliyowaza: kwamba kamanda amenipa neno lake nami nimempa langu, kwamba jina la baba mdogo kwenye karatasi hiyo litawarudisha wanajeshi mlangoni hapa kesho asubuhi, kwamba mimi ndiye niliyechapa na mashine yangu inatambulika. Nilisema mpaka nikaishiwa.

Alinisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza injini.

"Umemaliza?" alisema. "Basi chukua kalamu."

Mama mdogo aliinuka akaingia ndani. Nilidhani amekasirika. Alirudi amejifunga kitenge cha kutokea na kusema, "Andikeni haraka, askari wanafunga barabara usiku." Baba mdogo alinitajia wanane, mmoja mmoja, na mtaa wa kila mmoja, na alichokuwa akifanya: mwalimu, mpaka rangi, muuza mkaa. Tulikata sehemu ya juu ya karatasi iliyokuwa na jina lake, na ya chini yenye saini ya mama mdogo na jina la chumba chetu, nami nikayaandika majina nyuma yake kwa mkono wa kushoto, kwa herufi kubwa kama za mtoto. Nikaongeza kwamba kuna ghala, na liko upande gani. Mama mdogo aliifunga kiunoni, akapanda mpaka mtaa wa Kinanira kwa miguu, kwenye nyumba ambako mmoja wa mabalozi alikuwa amefikia jioni ile. Alimwambia mlinzi ameleta ujumbe kwa mpishi. Mpishi alikuwa mtu wa kwetu, binamu yake. Karatasi ikaingia jikoni. Zaidi ya hapo hatujui.

Wageni walikaa siku mbili. Redio ilisema wamezungumza na serikali kwa uwazi, neno ambalo nililiwaza wiki nzima. Vikwazo havikuondolewa mara ile. Hakuna aliyekuja kutuchukua, ingawa kwa miezi mingi nilishtuka kila majora ya vitenge yalipotikisika. Nilibadilisha herufi "a" ya mashine kwa mkono wangu.

Baada ya mvua za kwanza, mtu mmoja alisimama kwenye lango la gereji. Nilikuwa nimepita kuchukua mafuta ya utepe. Alikuwa na ndevu za mtu asiyekuwa na wembe, na mikono yake ilining'inia kana kwamba amesahau ilikuwa ya kazi gani. Baba mdogo alitoka chini ya gari, akamtazama, akasema tu, "Mupaka rangi."

Walishikana mikono muda mrefu. Mtu yule alisema wamefungua mlango, basi. Watano wakatoka, mmoja akapelekwa gereza kubwa, wawili hajui. Nilitaka kumwuliza kama kuna wageni waliofika kwenye ghala, kama kuna aliyesoma majina, kutoka karatasi ipi, siku gani. Maswali yalikuwa yamejipanga kinywani, yenye namba. Baba mdogo aliniangalia.

"Huyu ana njaa," alisema.

Nikaenda kumtafutia maji ya kunawa.